Bampa la Tawakali

Ndani ya Hiace ya kutoka Kitomanga kwenda Lindi, kijana Tawakali alikuwa akimtambia bibi aliyekaa naye kuhusu kigari alichonunua kwa hela za korosho.

"Kina turbo, bibi. Nimekishusha springi kilale karibu na lami, kikate upepo. Kwenye kona hakiyumbi."

Bampa la kigari hicho lilikuwa limelala mapajani mwao wote wawili. Ncha yake ilinichoma mimi ubavuni, kwa hiyo nilisikiliza vizuri sana.

"Kinabeba magunia mangapi?" bibi akauliza.

"Hiki si cha magunia, bibi, ni cha mwendo."

"Na mwendo huo ndio uliong'oa bampa hili?"

"Ni korongo, bibi. Barabara zetu mbovu!"

"Mjukuu wangu, barabara umezaliwa ukaikuta. Gari umelichagua mwenyewe."

Tawakali akafungua mdomo ajibu, Hiace ikasimama. Konda akapiga bodi: "Rasbura! Mwenye gari, shuka na gari lako."