Jembe Moja Lingetosha

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, mimi ni bibi yake mzaa baba, na kazi hii sikuiomba, wajukuu zangu wenye vyeti wamejaa hapa mbele na miwani yao ya jua, lakini ilipofika zamu ya kusoma kila mmoja akashikwa na mafua, wakasema, "Bibi, wewe huogopi mtu, soma wewe," nami shule niliishia darasa la tatu, basi nikikwama kwenye neno mtaningoja, na yule aliyenishauri jana nilainishe maneno kwa kuwa wizara imetuma mwakilishi, amsogezee mwakilishi kiti, asikie vizuri.

Marehemu, ambaye ninyi nyote mlimwita Futi, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1989, hospitali ya wilaya, mtoto pekee wa mwanangu wa kwanza, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka minne, baba yake akafuata baada ya miaka miwili, nikamlea mimi, kwa mkono na kwa kandambili, kutegemea siku ilivyoamka. Jina la Futi nilimpa mimi, maana alikuwa hawezi kuvuka ua bila kuhesabu hatua, ukimtuma chumvi dukani anarudi na chumvi na idadi ya hatua, na siku nyingine idadi bila chumvi.

Alianza shule ya msingi Januari 1996, akamaliza sekondari Novemba 2008, hesabu alifaulu, mengine tuyaache yapumzike naye. Tarehe 7 Februari 2011 aliajiriwa Ofisi ya Upimaji, kazi yake kuvuta kamba ya kupimia na kusimamisha mawe ya mipaka. Tarehe 9 Agosti 2014 alifunga ndoa na huyu binti mshona sare za shule, aliyekwenda ofisini kuulizia kiwanja akarudi na mchumba, wakapata watoto wawili, wa kike mwaka 2015 na wa kiume mwaka 2019.

Sasa hapa nisikilizeni. Tarehe 19 Aprili 2016 mto ulikuwa unakula ukingo kule mpakani, Mkurugenzi wa Upimaji akatia saini barua kwamba jiwe la mpaka lihamishwe kwa muda, hatua arobaini na mbili, lipandishwe mwinuko ulio upande wa jirani zetu, na maofisa wa jirani wakakubali kwa mdomo. Mafundi hawa wana desturi yao, wanapong'oa jiwe hawaachi pale patupu, wanachimba dhiraa moja, wanafukia mkaa na vipande vya chupa, kwa sababu mti huoza na jiwe hubingirika, lakini mkaa hukaa ulipowekwa. Futi aliufukia mwenyewe, akaandika kwenye daftari la kazi, Mkurugenzi akasaini. Maji yalipungua mwezi wa saba, jiwe halikurudishwa, kila wakiomba gari wanaambiwa limempeleka Mkurugenzi mkutanoni.

Ikapita miaka sita. Juni 2022 askari wa jirani wakajenga kibanda cha ulinzi mahali ambapo siku zote palikuwa pao, wa kwetu wakapima kutoka kwenye jiwe, wakakuta kibanda kiko ndani ya ardhi yetu hatua arobaini na mbili, redio ikawaka moto, tumevamiwa. Mkurugenzi akaulizwa kama jiwe ni la kuaminika, akajibu mbele ya nchi nzima kwamba halijasogezwa tangu lilipowekwa. Futi alikuwa mezani kwangu, kijiko mkononi, akasema, "Bibi, lile jiwe tulilihamisha sisi." Nikamwambia, "Unaniambia mimi, mume wangu, mimi ndiye ninayepanga majeshi? Nenda kawaambie."

Akaenda. Mkurugenzi akamjibu, "Kijana, serikali ikishasema jiwe liko pale, basi limeota pale," na kesho yake daftari halikuonekana kabatini. Tarehe 24 Juni akaiandikia wizara, akaeleza jiwe lilitoka wapi na mkaa uko wapi, akasubiri jibu siku nane, jibu likaja bila salamu wala samahani, ni amri ya kujiunga na jeshi kama mwonyesha njia, eti kwa kuwa mpaka anaujua. Tarehe 3 Julai vita vikatangazwa.

Mimi nauliza, na mwakilishi achukue kalamu. Wakubwa walipokaa mezani kuamua vita, waliulizana nini? Walikuwa na vifaru, walikuwa na ndege, walikuwa na barua ya mtu aliyelibeba jiwe begani, na hakuna hata mmoja aliyetuma mtu na jembe. Jembe moja lingetosha, shimo la dhiraa moja, kazi ya nusu saa, wakaona kurudi nyuma hatua arobaini na mbili ni aibu, kuzika watoto wa wenzao si aibu. Mtu asiniambie hawakujua, nakala ya barua ninayo na muhuri wa kupokelewa uko juu yake. Na anayesema tulipigania heshima anionyeshe heshima hiyo inakaa chumba gani, nikaifagie.

Tarehe 11 Septemba 2022 marehemu alipigwa na vipande vya kombora kifuani, akapasuliwa mara mbili, akarudi nyumbani Januari iliyofuata na pafu moja, akawa anahesabu hatua za kufika chooni, kumi na tisa, na katikati anapumzika. Baada ya vita kusimamishwa, tume ya nchi mbili ilikuja hadi kitandani kwake, akawachorea ramani, na tarehe 5 Machi 2024 wakachimba, wakakuta mkaa na vipande vya chupa ya kijani. Alipoletewa habari alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Daftari waliliiba, mkaa nao wangeuibaje bila kujichafua?" Alifariki Jumatano tarehe 22 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono huu na mimi ule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliotuchotea maji mwaka mzima bila kuombwa, na mafundi wenzake wa Upimaji, ambao waliitwa mbele ya tume wakasema kweli, na wawili kati yao wakafukuzwa kazi. Wizara imeleta shada la maua, liko nje ya uzio, na litabaki nje ya uzio. Futi, mume wangu, umepima vya kutosha, lala sasa.

Mnaouliza habari za Mkurugenzi, jana walimpeleka mpakani kulirudisha jiwe, kwa masharti ya nchi mbili, aliyesaini lihamishwe alirudishe kwa mikono yake. Kabla ya hapo alisomeshwa kwa sauti majina ya waliokufa kwenye mstari ule, wa kwetu na wa kwao, mia mbili na kumi na mawili, akaomba maji, akaambiwa amalize kwanza, na alipomaliza akapewa kalamu aandike la mia mbili na kumi na tatu, maana mjukuu wangu alikuwa hajaingizwa. Ndipo akalisimamisha jiwe, akapandishwa gari la magereza kuanza miaka saba aliyohukumiwa kwa uongo wake, na mafundi wanasema jiwe lenyewe alilisimamisha upande, ikabidi wabaki nyuma kulinyoosha.