Neno la Kuchonga Kwenye Msalaba wa Mama

Benchi la Ramadhani muuza kahawa, Njombe mjini, mwaka ule wa 1955 lilikuwa na birika la kahawa, baridi ya kukata masikio, na asubuhi hiyo msalaba wa mbao uliolazwa magotini mwa Anania. Mama yake alikuwa azikwe kijijini Yakobi saa tisa alasiri. Siku chache kabla ya kufa alimwachia jirani agizo moja: mwanangu anichongee neno la mwisho la Yesu. Jambo jepesi, ungedhani. Lakini wanywaji kahawa wa benchi lile kila mmoja alinunua kijitabu kimoja tu cha Injili kwa muuza vitabu wa misheni, na kila mmoja alikiapia chake. Anania alikuwa na Luka, na alikuwa ameapa hainuki bila kuchonga.

— “Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu.” Nachonga hilo.

— Aa wapi! — alisema Romanus, Mkatoliki waliyemwita Padri kwa kuwa aliwahi kupiga kengele ya misa. — La mwisho ni “Imekwisha,” Yohana wangu huyu hapa. Yaani kama sisi tukimenya magome kwenye mashamba ya miti ya miwati: umemaliza kipande chako, nyapara hana la kusema.

— Sasa Yesu naye alimenya magome? — aliuliza Anania.

— Mnababaisha, — alisema Sila, ambaye kwa kijitabu chake walimwita Marko. — Hiki hapa: “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”

Anania alitikisa kichwa. Miaka mitatu alikuwa Makambako akipakia magome kwenye malori, akituma salamu badala ya kuja mwenyewe. Watu wa Yakobi wangesoma hilo na kusema mama anamlilia mwanawe.

— Hilo halichongwi. Ni la mtu aliyekata tamaa.

— Aliyekata tamaa hunyamaza, bwana. Huyu anaita! Tena “wangu”, mara mbili. Utamwita “wangu” mtu uliyeachana naye?

— Mimi nawaambia, — Padri alidakia, — Yesu alisema yote kwa Kilatini. Ndiyo maana kila mwandishi akaandika lake.

— Kilatini! — alisema Sila. — Na mama yake Yesu pale chini ya msalaba angeelewa nini?

— Yohana si alikuwepo? Angemtafsiria.

Wakacheka. Anania naye alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka siku kama hiyo.

Ndipo akafika Hulda, mdogo wa marehemu, miguu imejaa vumbi la kutoka Kifanya.

— Kamwene, wanangu. Anania, pole baba. Hebu niambie, dada yangu aliondoka na neno gani?

Sila alifunga kijitabu. Majirani walimkuta mama asubuhi ya jana, ameshapoa.

— Sijui, mama mdogo. Hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa Makambako.

Hulda hakumkemea. Aliketi akalia, na hilo lilimuuma Anania kuliko kukemewa. Akashika patasi.

— Sila, nisomee la kwako. Polepole.

— Watu watasema, Anania.

— Watakuwa wamesema kweli. Soma.

Sila akasoma, “Mungu wangu, Mungu wangu,” na Anania akaanza kuchonga herufi ya kwanza.