Amefika Wapi?

Mlinzi wa geti na karani wa ghala wamefanya kazi yadi moja kwa miaka mingi, lakini walijuana jana ndani ya basi, kwenye kiti kilicho mbele yangu. Walianza kugombana kabla hata salamu hazijaisha.

“Kumbe ni wewe,” karani alisema. “Wewe ndiye uliyebonyeza ‘amefika’ kwenye mashine kwa lile lori la maziwa.”

“Lilikuwa limefika, dada. Kwangu mimi kufika ni kuvuka geti.”

“Kwangu kufika ni kuegesha kwenye mlango wa kushushia. Nachungulia, lori hakuna. Nikajua dereva kaenda zake kulala.”

“Alikuwa nyuma ya makontena, anasubiri umwite.”

“Nimwiteje mtu ambaye mashine inasema yuko mbele yangu?”

Mashine hiyo, nilivyoelewa, ililetwa ili geti, yadi na ghala viongee lugha moja. Zamani mlinzi alipiga filimbi na ghala zima likageuka. Siku hizi filimbi ni marufuku, eti ni ushamba.

“Maziwa yameharibika yote,” mlinzi alisema, “na dereva kafukuzwa leo. Wanasema alizembea. Wewe ulimtetea?”

“Wewe je?”

Wote wakageukia dirishani, kama vile kulikuwa na cha kuona.

Basi likasimama. Karani akainuka na mkoba wake, akasita mlangoni.

“Umefika, dada?” kondakta aliuliza.

Karani akachungulia nje kwanza.

“Bonyeza tu,” mlinzi akamwambia, macho bado dirishani.