Betri ya Kompyuta ya Wodini

Bibi aliyekaa kiti cha nyuma cha basi alifumba macho, lakini masikio yake hayakuwa na usingizi hata chembe. Mbele yake, muuguzi alikuwa akimweleza abiria aliyekaa naye, fundi wa kompyuta, jinsi alivyosimamishwa kazi. Saa tisa mgonjwa alimfia mikononi. Saa kumi akatoka wodini, kompyuta ya mahudhurio ikaandika katoka saa nane. Sasa wakubwa wake wanasema hakuwepo mgonjwa alipokufa.

"Umeme ulikatika siku hiyo?" fundi akauliza.

"Ulikatika mchana, kwa saa mbili nzima."

"Basi ndiyo hivyo. Ndani kuna betri ndogo, kama kifungo cha koti. Ikichoka, umeme ukilala na saa inalala; ukirudi, inaendelea palepale ilipoachia."

Bibi akaguna. Mtu mzima kuharibiwa jina na kifungo!

"Kaka yangu, kesho wananihoji. Njoo uwaambie hivyo hivyo tu."

"Hospitali gani?"

"Ile ya nyuma ya soko."

Fundi akaanza kufunga zipu ya mkoba ambao ulikuwa umeshafungwa. "Ile tunaitunza sisi, dada. Mwezi uliopita niliandika mashine ni nzima."

"Uliifungua?"

"Siku ile nilikuwa na mashine ishirini."

"Na mimi nilikuwa na wagonjwa arobaini. Kila mmoja nilimfunua shuka."

Basi likasimama. Fundi akainuka bila kuaga. Muuguzi naye akainuka, ingawa alishamwambia kondakta kwamba anashuka mwisho wa njia.