Mvua ya Siku Tatu Ambayo Haikunyesha

Ndugu waombolezaji, familia imemteua binti wa marehemu, mtoto wa pili kati ya watatu, awasomee maneno haya, kwa sababu kaka yake mkubwa hafiki mstari wa tatu bila kulia na mdogo wao husoma kama mtu anayekimbizwa. Binti huyo ameomba kila jambo liandikwe, hata linalomhusu yeye mwenyewe, kama linavyoandikwa jambo la mtu mwingine, maana ndivyo marehemu alivyomfundisha kuandika vipimo, pasipo mimi na pasipo nadhani.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Aprili 1949, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya duka la ushonaji, mahali ambapo ukifungua dirisha la jikoni unauona mlima mzima. Alipokuwa na miaka sita mlima ulitoa majivu, yakaangukia suti za watu zilizokuwa zimetundikwa zikisubiri vifungo, na baba yake akiwa anakung'uta nguo na kulalamika, mtoto alichukua utepe wa kupimia viuno akaenda kupima unene wa majivu kwenye kizingiti cha dirisha. Akapata nusu sentimita, akauliza yametoka kina gani, akaambiwa aache maswali ashike ufagio. Alifagia, lakini lile swali hakuliacha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha sekondari kuanzia 1964 hadi 1969, ambako alisimamishwa nje ya darasa wiki nzima kwa kumwambia mwalimu wa jiografia kwamba chini ya mlima hakuna ziwa la moto kama alivyolichora ubaoni. Mwaka 1970 alijiunga na chuo kikuu, akahitimu shahada ya kwanza ya jiolojia mwaka 1973, akapata ya pili mwaka 1976, na kuanzia 1978 hadi 1982 alikuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamivu. Tasnifu yake ilihusu kwa nini magma, yaani mwamba ulioyeyuka, mara nyingine hupanda kutoka chini, husimama njiani, hupoa na haimsumbui mtu, na mara nyingine haisimami. Alipenda kusema kwamba magma ni mvivu sana, na kwamba kazi yake yeye ni kuijua siku ambayo uvivu umeiishia.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1977, wa pili tarehe 3 Februari 1981, na wa mwisho mwaka 1986. Huyo wa pili alizaliwa baba yake akiwa masomoni, walipoonana mara ya kwanza tayari anajua kusema sitaki, na marehemu alikuwa akimtania kwamba hajawahi kujifunza neno jingine.

Mwaka 1984 marehemu aliteuliwa kuwa mkuu wa kituo cha kuchunguza volkano kilichoko ubavuni mwa mlima, akahamia na familia katika nyumba ya watumishi yenye bati jekundu. Chombo alichokitegemea kuliko vyote kilikuwa kipima mwinamo, kilichofukiwa shimoni karibu na kilele, ambacho huonyesha ardhi ikiinama hata kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa magma ikipanda huusukuma mlima ukavimba. Shida yake ni kwamba udongo ukilowa mvua nao huvimba, kwa hiyo kabla ya kuisingizia magma ni lazima kwanza utoe sehemu ya mvua, na ndiyo maana uani pa nyumba ile palisimama kipimamvua, na sebuleni palikuwa na daftari kubwa la jalada la kijani, lenye safu ya tarehe, safu ya mvua na safu ya msomaji. Sheria za daftari lile kila mtu nyumbani alizijua kwa moyo. Mvua husomwa saa tatu kamili asubuhi, haifutwi namba, aliyekosea anapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lionekane, anaandika sahihi pembeni, anaweka herufi ya jina lake na tarehe. Na jambo moja lilimuudhi marehemu kupita kiasi, nalo ni kisanduku kitupu.

Kuanzia Januari 1992 kazi ya kusoma mvua alipewa binti, naye aliifanya vizuri kwa miezi kumi na mitano. Jumapili tarehe 18 Aprili 1993 marehemu alikwenda upande wa pili wa mlima na wanafunzi wake kupima gesi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano shule zikiwa zimefungwa, binti alilala hadi saa nne, akaamka akasoma hadithi kitandani, hakukanyaga uani hata mara moja. Jumatano mchana aliposikia gari la baba yake likipanda kilima aliona visanduku vitatu vitupu, akaogopa, akajaza kumi na nne, kumi na moja, kumi na sita, namba zilizofanana na za wiki iliyotangulia ili zisishangaze mtu, akaweka herufi yake mara tatu. Hakukuwa na mvua. Hilo halijawahi kusemwa hadharani mpaka leo.

Jioni ile marehemu alikuta mstari wa mwinamo umepanda, akafungua daftari, akatoa milimita za siku tatu, na kilichobaki kikawa kidogo cha kutomtisha mtu. Fundi mitambo wa kituo, aliyekuwa naye safarini, ambaye wote tulimwita Spana, na ambaye mke wake ameketi hapa mstari wa mbele, alisimama mlangoni na kofia mkononi akasema, "Mkuu, mimi huu mstari sina raha nao." Marehemu akamwonyesha daftari, akamwambia, "Ni mvua tu, Spana. Kesho panda ukakirudishe kipimo kwenye sifuri." Binti alikuwa mezani akila, alisikia yote mawili, akaendelea kula. Alhamisi tarehe 22 Aprili 1993, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mlima ulipasuka juu kidogo ya shimo la kipimo. Spana alikuwa na miaka thelathini na minane, na mwili wake ulipatikana siku ya tatu.

Kamati ya uchunguzi ilikaa mwezi Julai, marehemu akavuliwa ukuu wa kituo, akarudishwa chuoni kufundisha mwaka wa kwanza katika chumba cha chini kisicho na dirisha, majarida yakamrudishia makala zake bila kuzisoma, na uprofesa hakuupata mpaka anastaafu mwaka 2009. Watoto waliambiwa ni makosa ya kitaaluma, na binti, ambaye alijua vya kutosha kumfanya aulize, hakuuliza.

Kabla ya kuhama, marehemu alibadili mambo mawili. La kwanza, kila asubuhi saa tatu alitoka na binti uani, akainama naye kwenye kipimamvua, na mtoto alidhani ni huzuni tu inayomtoa nje. La pili, alimwambia, "Siku ambayo hukupima, andika sikupima. Sitagomba." Maneno hayo ndiyo aliyowaambia wanafunzi wake miaka kumi na sita mfululizo, wakamwita Profesa Sikupima, na wengine wao mko hapa mmevaa nguo nyeusi, na bila shaka hamkuwahi kujua maneno hayo yalitoka wapi. Binti mwenyewe alisomea famasi, na wagonjwa wake humnung'unikia kwamba ni mzito, kwa kuwa kila dawa huihesabu mara mbili.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2019, madaktari wakagundua kwamba mapafu yamekakamaa kwa gesi alizovuta miaka mingi mlimani, na tangu Januari 2023 alikuwa akipumua kwa mtungi wa oksijeni, ambao aliusoma mshale wake mwenyewe na kuwakosoa wauguzi. Alilazwa tarehe 2 Juni mwaka huu. Jumatatu tarehe 10 alimuuliza binti yake, kwa sauti ndogo, "Leo mvua ngapi?" Binti akajibu kwamba hakuangalia. Marehemu akasema, "Basi andika hukupima," akatabasamu, akafumba macho. Alifariki dunia kesho yake, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Historia ingepaswa kuishia hapo. Lakini Jumatano binti alifungua sanduku la baba yake kutafuta tarehe sahihi za kuwasomea ninyi, akakuta daftari la kijani, na ndani yake ripoti ya kamati. Katika mistari ile mitatu, herufi ya binti imepigwa mstari mmoja, pembeni imewekwa herufi ya baba, na tarehe, 30 Aprili 1993, wiki moja na siku moja baada ya msiba. Ukingoni ameandika kwa kalamu ya risasi: Shule ya msingi, mlinzi, sifuri, sifuri, sifuri. Alikuwa amekwenda kumuuliza mlinzi vipimo vya kipimamvua cha shule. Na ripoti inasema kwamba mtafiti amekiri mwenyewe kuwa aliporudi Jumatano alivikuta visanduku vitupu, akatunga vipimo. Kwa mwanasayansi hakuna kosa linalozidi hilo, na yeye alilichukua akaliwekea jina lake, kwa kufuata sheria zote za daftari, na ndicho kitu pekee cha uongo alichowahi kuandika humo.

Binti alimpelekea mama yake daftari, na mama akasema kwamba siku zile tatu alianika magodoro yakakauka vizuri, akamwambia mumewe hivyo baada ya mazishi ya Spana, ndipo mumewe akanyanyuka akaenda shuleni. Aliporudi alisema sentensi moja tu, "Ana miaka kumi na miwili," na hawakulizungumza tena. Alhamisi binti alikwenda kwa mke wa Spana, akamweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu hakuona haki ya kukaa. Mama yule alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka kapu likaisha, kisha akasema, "Miaka thelathini na moja nimemsalimia baba yako bila kumtazama usoni. Sasa nitamtazama wapi?" Binti aliaga. Alipofika mlangoni mama akamwita akamwambia, "Nenda kasome. Usiruke kitu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, waliovumilia kukosolewa, inawashukuru majirani waliobeba mitungi ya oksijeni ghorofa tatu lifti ilipokuwa mbovu, na walimu na wanafunzi wa idara ya jiolojia. Inaiomba idara hiyo jambo moja, kwamba nakala ya ripoti iliyoko maktabani isifichwe wala isichanwe, bali ipigwe mstari mmoja pale panapostahili, ukweli uandikwe pembeni, na tarehe. Inamshukuru mke wa Spana kwa kuja, maana hakuna ambaye angemlaumu kwa kutokuja.

Daftari la kijani liko pale mezani, kando ya jeneza, na anayetaka kulisoma na alisome. Leo saa tatu asubuhi, herufi ya marehemu katika mistari mitatu ya Aprili 1993 imepigwa mstari mmoja, na herufi ya binti yake imerudishwa, tarehe 15 Juni 2024. Kumi na nne, kumi na moja na kumi na sita nazo zimepigwa mstari, na kwenye kila kisanduku pameandikwa neno moja tu, sikupima.

Lala kwa amani, Baba. Daftari limesahihishwa.