Maua ya Matope ya Maman Georgette

Alhamisi tarehe 15 Februari 2024, mvua nyembamba ilinyesha Bukavu tangu alfajiri, bila upepo. Saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Cimpunda, Maman Georgette M'Zagabe alifariki akiwa na miaka sabini na miwili.

Alizaliwa Nyantende tarehe 6 Aprili 1951. Alisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, akaacha ili kulea wadogo zake. Mwaka 1972 aliolewa na mwalimu Venant, aliyemtangulia mwaka 2009. Kwa miaka ishirini na sita alilima bustani ya mboga ya masista.

Mwaka 1991, wafyatuaji wa matofali walipoanza kukausha bonde la Nyantende, alitoa humo mashina matatu ya ua la pori, lenye kichwa kirefu, chekundu juu na manjano chini. La kwanza alilipanda kwenye tuta lililoinuliwa, kama mboga ya lengalenga. Likafa. La pili vilevile. La tatu alilitia upande wa chini wa kiwanja chake, maji ya robine, yaani bomba, yanapotuama. Lilikaa miaka miwili bila kuchanua. Mwaka wa tatu likachanua, na tangu hapo lilirudi kila mwaka, likizidi kutanuka. Nyantende halikuonekana tena.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Tangu Krismasi iliyopita hakutoka nyumbani.

Ameacha watoto watatu, Rosette, David na Josué, na wajukuu tisa. Mungu ampe sasa pumziko ambalo mwenyewe alikuwa akiliahirisha.

Jioni ya tarehe 3 Februari, siku kumi na mbili kabla ya kifo chake, Josué alimwomba tena ajenge pale chini, penye maua.

“Maman, tuko batu saba mu chumba moja, na weye unachungia maua kiwanja!”

“Ukijenga, maua yataenda kulala wapi?”

“Kwa Papa Emile! Kwake matope iko mingi kupita yetu.”

Maman alicheka mpaka akakohoa. 

Asubuhi iliyofuata alishuka hadi penye maua akishikwa mkono na Rosette, akaketi kwenye kiti kifupi, akayagawa mashina kwa kisu: kumi na moja. Kumi aliyafunga katika majani ya migomba, akayatuma kwa Papa Emile na majirani wengine wenye mitaro. La mwisho alimpa Josué, akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo maji ya paa la nyumba atakayoijenga yatadondokea.