Mpaka Umepita Kwenye Nyanya za Azimio

Wewe unayesoma hapa umekunja nne, hebu nijibu: mto ukihama, mpaka unabaki na nani? Mimi nina digrii ya jiografia, tangu mwaka juzi nasubiri kupangiwa kazi, na swali hilo limenishinda nyuma ya stesheni ya Kilosa, kwenye benchi la mataruma ya reli mbele ya birika la Shomari muuza kahawa. Facts ni hizi. Mwaka huu kila mtoto aliyefika umri lazima aingie darasa la kwanza. Shule yetu imejaa, kwa hiyo wakubwa wakapiga mstari: walio upande huu wa mto wasome hapa, walio ng'ambo wasome kule. Safi. Ila mafuriko yaliuhamisha mto, ukaenda kupita nyuma ya Kambi, zile nyumba za zamani za vibarua wa mkonge. Kambi sasa iko upande wetu, kengele ya shule wanaisikia wakiwa kitandani. Kwenye ramani bado iko ng'ambo, kwa sababu mpaka umeachwa kwenye mto mkavu. Na walionyoosha mikono kwenye mkutano wa kijiji ubaki huko ni hawa hawa wanaokunywa kahawa hapa.

Alianza Thadeo, balozi wetu wa nyumba kumi. Tunamwita Azimio kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kuhutubia.

— Ndugu zangu, mpaka ni mpaka. Leo tuukimbize mto, kesho tutaukimbiza mlima.

— Mlima haujahama, Mzee Thadeo, nikasema.

— Umekwenda kuuangalia?

Kornelio akakohoa. Huyu ni Signali, mstaafu wa reli, na kwake dunia nzima ni treni.

— Mto haujahama, kijana. Umeingia njia ya kupishana tu. Ukishapisha, unarudi laini yake.

— Unampisha nani, mzee?

— Hiyo kazi ya kontroli. Wewe abiria, kaa kwenye siti yako.

Shomari akamimina kahawa bila kuinua macho.

— Mimi nasema mto bado uko palepale, ila kwa chini. Alfajiri nikiwa kule kwenye viazi, yaani kwenye shughuli zangu, nausikia unatembea.

— Viazi vya nani?

— Vya Mwenyezi Mungu. Kunywa kahawa.

Hapo ndipo penyewe. Ardhi ya kijiji inalimwa na kijiji. Ardhi ya jirani ni ya jirani. Lakini mpaka wenyewe, technically, si wa mtu. Mto ulipohama uliacha tope jeusi, ukidondosha kiberiti kinaota. Signali ana mpunga humo. Shomari ana viazi. Azimio, mhubiri wetu wa ujamaa, ana nyanya kubwa kama ngumi ya kuli. Mpaka ukisogezwa kwenye mto wenye maji, tope lote linaangukia ndani ya kijiji, linakuwa shamba la wote. Ndiyo maana mikono ilinyooka upesi vile. Mimi sikunyoosha. Kura ni ya wenye kaya, na mimi nalala kwa mjomba.

— Tena mjiulize, akaendelea Azimio, kwa nini mto uhame baada ya sisi kupata uhuru? Mbona enzi za mkoloni ulitulia? Beberu huyo. Ameshindwa kutugawa kwa bunduki, ametuma maji. Tukiukubali mto mpya, tumemtambua.

— Kwa hiyo nyanya zako ndiyo ukombozi?

— Nyanya zangu ziko mstari wa mbele.

Signali alicheka, kahawa ikamtokea puani. Azimio akanigeukia.

— Umesomeshwa kwa jasho la kabwela, halafu unamdharau.

— Sidharau, mzee. I'm only asking a technical question.

— Hicho Kizungu kinalima?

Alinipata. Hakilimi.

Ndipo akaja mwanamke hatumjui, kanga imemganda mwilini, maji yakimdondoka kwenye vumbi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Yudith, nakaa Kambi. Tulishushwa kutoka Mamboya wakati ule wa kuhamia vijijini. Nimeambiwa balozi anapatikana hapa.

— Ndiye mimi, ndugu. Karibu.

— Asante. Nina mwanangu Regina, anaanza darasa la kwanza. Nimempeleka shule, mwalimu akasema sisi ni wa ng'ambo. Basi nikamwacha kwa jirani, nikaenda kupima kwanza pa kumvushia. Maji yamenifika kifuani. Yeye ananifika hapa.

Akaonyesha kiunoni.

— Pole sana, akasema Signali.

— Nimeshapoa. Nilitaka kuuliza tu. Wanasema mpaka ni mto. Mto uko wapi, wazee?

Ukisema uko kule nyuma ya Kambi, tope limekwenda. Ukisema uko huku kwenye nyanya, mama wa watu amesimama mbele yako analowesha vumbi. Signali akageuka kutazama reli, na treni haikuwa inakuja. Shomari akatikisa birika, likalia tupu. Azimio akainama, akaanza kukwangua tope jeusi kwenye viatu vyake.

Kengele ya shule ikalia. Yudith akageuza kichwa kuisikiliza.

— Basi nitarudi kesho, akasema. Labda mtakuwa mmekumbuka.

Sasa nyinyi, Bwana Afisa Elimu na wenzako, manaizi, warithi wa viti vya wakoloni, mliochora mstari bila kushuka kwenye Land Rover: njooni Kilosa. Ramani iacheni ofisini. Vueni viatu, ingieni mtoni alipoingia Yudith, na pale maji yatakapowafika kifuani, hapo ndipo muweke mpaka. Muuweke kabla ya masika. Mwandikeni Regina kwenye shule anayoisikia kengele yake. Na nyanya za Azimio ziliwe na darasa la kwanza.